Ini la baba lina makovu, na nyumba nzima imeshaamua ni pombe

BARUA

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni binti wa miaka 33, mzaliwa wa Ukerewe. Sasa naishi Mwanza na mume wangu na mtoto wetu wa miaka 8. Naomba usitaje jina langu wala kanisa letu, maana kisiwani watu wote wanajuana.

Baba yangu ana miaka 59. Amekula kwa ziwa tangu ujana. Alianza kwa kuvuta kokoro, akaingia kwenye dagaa za karabai, na mwisho akapata mtumbwi wake akaajiri vijana. Siku hizi hashuki tena majini, analima mihogo na ana michungwa yake. Ni mzee wa kanisa. Kwetu pombe ni mwiko, na kanisani baba ndiye husimama mbele kuwasema walevi. Ndiyo maana jambo hili limekuwa zito.

Mwaka jana tumbo lilianza kumjaa. Anakula tonge chache anasema ameshiba. Chini ya mbavu za kushoto kuna kitu kigumu, hata ukipapasa juu ya shati unakisikia. Mkanda wake wa suruali kautoboa tundu jipya kwa msumari, karibu kabisa na ncha, kwa sababu matundu yote ya zamani hayafiki. Mama alimchemshia mitishamba, akapata nafuu, hali ikarudi. Mdogo wangu wa kiume akampeleka kwenye kituo kimoja akapimwe utrasaundi.

Aliyempima, mashine ikiwa bado tumboni, akamuuliza, "Mzee, pombe umeanza lini?" Baba akajibu hajawahi kuinywa. Yule akacheka, akasema, "Ini halidanganyi, mzee wangu." Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale pembeni ya kitanda.

Hadi jioni baba mdogo alishajua, na shangazi alishajua. Mama hakusema neno, ila amehamia chumba cha watoto, na chakula cha baba anamtuma msichana wa kazi akipeleke. Kwenye kikao cha ukoo baba mdogo alisema bila kuficha kwamba tumedanganywa miaka yote, na kwamba sasa anaelewa kwa nini kaka yake alikuwa anapenda kulala mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga. Mchungaji hajaambiwa bado. Mdogo wangu anafunga ndoa mwezi wa nane, michango imeshaanza, kwa hiyo familia imekubaliana jambo hili lisitoke nje mpaka harusi ipite.

Karatasi ya majibu nimeipiga picha. Imeandikwa kwa Kiingereza cha kidaktari, nikampelekea jirani yangu ambaye ni nesi, akanisomea hivi: ini lina makovu yanayofuata mishipa ya damu, na kuta za mishipa hiyo zimenenepa. Upande wa kushoto wa ini umekua, wa kulia umesinyaa. Wengu, yaani bandama, limefika sentimita 18. Mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini una upana wa milimita 16. Kuna maji kidogo sana tumboni. Chini kabisa kumeandikwa ugonjwa sugu wa ini na alama ya kuuliza, kisha pombe na alama nyingine ya kuuliza.

Jirani akasema kwa mtu aliyekulia ziwani, picha ya namna hii inamfanya afikirie kichocho. Nilimpigia mdogo wangu nikamweleza. Akanijibu, "Kichocho ni kukojoa damu, dada. Baba hakojoi damu. Halafu alipimwa choo mwaka jana hakikuonekana kitu. Unamtetea kwa sababu wewe ndiye kipenzi chake."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu nina siri. Nikiwa darasa la nne nilitumwa mwaloni alfajiri kumpelekea baba uji. Nilimkuta amekaa na wenzake kando ya mtumbwi, wanapokezana chupa, na wakati nafika chupa ilikuwa mkononi mwa baba. Sikumwona akiiweka mdomoni. Sikumwambia mtu yeyote mpaka leo. Sasa usiku silali. Najiuliza kama namtetea mtu ambaye ametudanganya sote.

Baba ameandikiwa rufaa kwenda hospitali ya kanda kupigwa kamera ya tumbo. Amekataa katakata. Anasema, "Siendi tena kulazwa kwenye kitanda cha vipimo niulizwe pombe mbele ya mwanangu." Mama aliniambia kwenye simu kwamba kabla ya Pasaka baba alipata choo cheusi kwa siku mbili tatu, wakasema labda ni mboga alizokula. Anatumia diklofenaki kwa ajili ya magoti, zaidi ya hapo hana dawa.

Nifanye nini, mama? Nimuulize baba kuhusu ile chupa? Niitishe kikao niwaambie ni kichocho, na ikigundulika siyo, nitaweka wapi uso wangu? Au ninyamaze mpaka harusi ipite? Jambo lingine, mwanangu kila likizo anakwenda kwa babu na anaoga ziwani kama tulivyooga sisi. Hata sijui nianze na lipi.

Binti wa Mwaloni, Mwanza


JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana na hongera kwa kuandika.

Naanza na neno moja ulilolipitia haraka, katikati ya mambo mengine: choo cheusi. Karatasi ya baba yako nimeipitia pamoja na daktari mmoja ninayemwamini, bila jina, na hapo ndipo alipoweka kidole kwanza. Mboga hazitoi choo cheusi tii, cha kunata, chenye harufu kali isiyo ya kawaida. Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kukifanya choo kiwe cheusi, lakini hukusema kama baba anavitumia. Kwa mtu mwenye wengu kubwa na mshipa mpana namna hiyo, daktari anachohofia ni kwamba damu ilivuja mahali fulani juu tumboni, kisha ikaacha yenyewe. Inaweza kurudi, na ikirudi huenda isiwe kidogo.

Kwa hiyo mambo mawili hayasubiri kikao chochote. Diklofenaki aiache mpaka amwone daktari, na asiibadilishe kwa asipirini au ibuprofeni, maana zote hizo zinaweza kuchochea kutoka damu. Na nyumba nzima ijue kwamba akitapika damu, au choo kikiwa cheusi tena, au akipata kizunguzungu na jasho la baridi, ni hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Ninyi mko kisiwani. Kaeni mjue mapema nani ana boti, nani ana pikipiki ya kumfikisha hospitali ya wilaya pale Nansio, na nauli iko kwa nani.

Sasa turudi kwenye barua. Nikikusoma vizuri, unaniuliza kama umwamini baba au uiamini karatasi. Naomba kwanza tuitazame hiyo karatasi, kwa sababu sidhani kama imewahi kugombana na baba yako.

Utrasaundi inaonyesha umbo: ini limekaaje, wengu lina urefu gani, mshipa una upana gani, maji yapo au hayapo. Kovu inaliona. Aliyelileta kovu haimwoni. Yule aliyempima aliuliza kuhusu pombe, na swali hilo kwa mgonjwa wa ini ni la kawaida, hata mimi ningetaka liulizwe. Kosa ni kuliuliza mbele ya mtoto wa mtu, kisha kulijibu mwenyewe kwa kicheko. Karatasi imeweka alama ya kuuliza. Ukoo wenu umeiondoa.

Damu yote inayotoka kwenye utumbo na wengu hupita kwenye mshipa mmoja mkuu kabla ya kuingia kwenye ini. Kwa mtu mzima mshipa huo kwa kawaida hauzidi milimita 13 hivi, na wengu halizidi sentimita 12 au 13. Wa baba una 16, na wengu lake lina 18. Wengu peke yake lingeweza kuvimba kwa sababu nyingine, kwa mfano malaria ya kujirudia kwa miaka au magonjwa ya damu. Lakini wengu kubwa likiambatana na mshipa uliotanuka na ini lenye makovu, maana yake mara nyingi ni kwamba damu inapata shida kupenya kwenye ini, shinikizo linapanda nyuma yake. Mfereji ukiziba mbele, maji hutafuta pa kupenyea pembeni, na damu nayo hufanya hivyo hivyo: hupita kwenye mishipa midogo ya koo la chakula na ya juu ya tumbo, ambayo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Ikivimba sana hupasuka. Kamera ambayo baba ameikataa inakwenda kuiangalia mishipa hiyo.

Jirani yako nesi hakubahatisha. Pombe, au virusi vya homa ya ini vikikaa miaka mingi, mara nyingi huliharibu ini lote: linajaa vinundu na kingo zake zinapoteza ulaini. Kichocho cha tumbo kina tabia yake. Minyoo yake huishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai mengine hutoka na choo, mengine husombwa na damu mpaka kwenye ini na kunasa kwenye matawi ya ule mshipa mkuu. Mwili unayazungushia uvimbe mdogo mdogo, uvimbe unageuka kovu, na baada ya miaka kila tawi la mshipa limevikwa kovu nene. Ndiyo maana karatasi yenu inasema makovu "yanayofuata mishipa". Upande wa kushoto kukua na wa kulia kusinyaa nako huonekana kwa wagonjwa hawa, ingawa hata ini lililoharibiwa na sababu nyingine linaweza kufanya hivyo. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kusoma picha za utrasaundi za kichocho, uliotokana na kikao cha wataalamu mjini Niamey, Niger, na ndani yake mipangilio hii ya makovu imechorwa na kupewa herufi. Mtu aliyezoea wagonjwa wa ziwa anaitambua. Aliyezoea wagonjwa wengine anaweza kuipita na kuandika pombe.

Mdogo wako anasema kichocho ni kukojoa damu. Hicho ni kichocho cha mkojo, ambacho huku Kanda ya Ziwa kipo zaidi bara, kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga. Kwenye fukwe za Ziwa Victoria kinachotawala ni cha tumbo, na konokono wa majini anayebeba viini vyake ni mwingine. Anayeumwa hakojoi damu. Anaweza kuwa na choo cha damu mara kwa mara, au asiwe na dalili yoyote kwa miaka mingi mpaka siku mkanda unapokosa tundu. Na kile kipimo cha choo cha mwaka jana si mwisho wa maneno. Kinachotazamwa kwenye darubini ni kipande kidogo mno, na kwa mtu aliyeacha maji muda mrefu minyoo mingi huenda imeshakufa. Wenyewe wanaondoka, kovu walilolitengeneza linabaki.

Nikuongezee jambo moja kutoka mbali kidogo. Makovu haya yalielezwa kwa mara ya kwanza na daktari William Symmers mwaka 1904, huko Misri. Alipokata ini akaona mishipa iliyovikwa kovu jeupe, akaifananisha na mirija ya kiko cha udongo. Wagonjwa wa aina hii Misri walikuwa wengi miongoni mwa wakulima wa bonde la Nile, watu waliosimama kwenye mifereji ya maji tangu utotoni, na wengi wao Waislamu wasioonja pombe. Angekuwepo baba yako mdogo, sijui nao angewafanyia kikao.

Lakini Misri hiyo hiyo inanifanya nikushike mkono kidogo. Kuanzia miaka ya 1950 nchi ile iliwatibu watu wake kichocho kwa sindano, na sindano zilitumika mtu kwa mtu bila kusafishwa ipasavyo. Zilisambaza virusi vya homa ya ini C kwa watu wengi sana. Madaktari wakajikuta na wagonjwa wenye maini yaliyoumizwa na sababu mbili kwa pamoja. Nakuambia hivi kwa sababu uko tayari kwenda kwenye kikao na neno moja mkononi, kichocho. Vipimo vya damu vikija na homa ya ini B je? Kwetu virusi hivi si vya kutafuta kwa tochi. Huambukiza kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na watu wengi wazima wanaoishi navyo walivipata wakiwa watoto wadogo. Ukoo usiojua hilo utahama kwenye pombe uhamie kwenye uzinzi, na mama atakuwa na sababu mpya ya kubaki chumba cha watoto. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema usimwahidi mtu yeyote jibu ambalo hospitali haijalitoa.

Haya, chupa.

Ulikuwa mtoto wa darasa la nne, alfajiri, umebeba uji. Uliona chupa mkononi. Hukuona mdomoni, umeniambia mwenyewe, na hukujua ndani kulikuwa na nini. Inawezekana alikuwa anaipitisha kwa mwenzake. Inawezekana alionja, usiku wa baridi majini, kisha akaacha akaokoka akawa mzee wa kanisa. Inawezekana pia kuna mengi zaidi usiyoyajua. Ila jiulize hivi: ukiambiwa leo kwa hakika kwamba alikunywa, ni kitu gani kinabadilika kwenye safari ya hospitali? Mishipa inayovuja haiulizi. Kamera inahitajika vile vile.

Nimekuwa najiuliza, na nakuomba na wewe ujiulize taratibu, kama unataka baba atibiwe au unataka asafishwe jina. Yote mawili ni halali. Tatizo ni pale la pili linapolitangulia la kwanza, na hivyo ndivyo nyumba yenu ilivyojipanga sasa: baba hataki kwenda mpaka aaminiwe, wengine hawamwamini mpaka athibitishwe, na wewe umekaa katikati unashikilia ushahidi wa zamani. Ingekuwa kweli ni pombe, nisingependa kuona anaachwa kwa sababu hiyo. Sidhani kama wewe ungependa.

Daktari, yeye, anahitaji kujua ukweli wa pombe, kwa sababu ini lenye makovu halivumilii hata kidogo, liwe limeumizwa na nini. Lakini hilo ni la daktari na baba, mlango umefungwa. Wewe huna lazima ya kulisikia. Ukiamua kumuuliza baba kuhusu chupa, chagua wakati ambao hakuna kitu kinachosubiri jibu lake. Ukimuuliza leo, kabla ya kamera, atasikia sauti ya yule mpimaji kwa mara ya pili, safari hii kutoka kwa mtoto anayemtegemea. Unaweza pia kuamua kutomuuliza kamwe. Watu wengi wameishi na wazazi wao kwa upendo huku kuna alfajiri moja hawakuielewa.

Kuhusu mama, nakuomba umtazame tena. Umeniambia amehama chumba na anamtuma msichana na sahani. Mama huyo huyo ndiye aliyejua rangi ya choo cha mumewe, akahesabu siku, akakupigia simu. Huyu hajamwacha mtu. Ana uchungu na ana hofu, na pengine ndiye mlango wako rahisi kuliko wote. Ungeweza kwenda kwake peke yako, au na yule jirani nesi kama mama anamheshimu, mkakaa na karatasi, mkamwambia tu kile kilichoandikwa na kile ambacho hakijaandikwa. Hatari yake ni kwamba mama anaweza kulichukua akalitumia kwenye ugomvi na shemeji yake kabla vipimo havijatoka. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kumwita baba mdogo na shangazi kwenye kikao ni njia nyingine. Siikatai, ila naiogopa kidogo. Kikao kinataka mshindi, na hapa hakuna aliye na jibu bado. Mchungaji naye ni hivyo hivyo: kwa baadhi ya wazee, neno la mchungaji "nenda katibiwe" linafungua mlango ambao watoto hawawezi kuufungua. Kwa wengine, mchungaji kujua kabla ya wakati ni kusimamishwa huduma. Hilo baba mwenyewe aulizwe, kwa sababu ni uzee wake wa kanisa, si wenu.

Kusubiri mpaka harusi ipite ndiyo njia inayoonekana ya heshima kuliko zote, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Naelewa michango, naelewa kadi zimeshasambazwa. Mdogo wako, nahisi, ana hofu zaidi kuliko anavyoonyesha. Ndiye aliyempeleka baba, ndiye aliyesikia lile swali, na huenda ukali wake ni namna ya kujiondoa pale kitandani. Mwambie kuhusu choo cheusi, maana sijaona kwenye barua yako kama anajua. Akishajua, tarehe ya harusi anaweza kuipima mwenyewe.

Baba akikubali, huenda ikasaidia kama wewe ndiye utakayemsindikiza safari hii, na kama kabla hajalala kitandani utamwomba daktari pembeni kwamba maswali ya faragha yaulizwe faragha. Una haki ya kuomba hivyo. Mwambie daktari pia kwamba mzee amevua ziwani ujana wake wote, kwa sababu karatasi ya rufaa huenda haimwambii hilo. Kuna uwezekano watachukua damu kupima homa ya ini B na C, virusi vya UKIMWI, kazi ya ini, na wingi wa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ambazo hushuka wengu likiwa kubwa. Kamera ni mpira mwembamba wenye taa unaopitishwa mdomoni. Si kitu cha raha, lakini haikati mahali. Wakikuta mishipa imevimba sana wanaweza kuifunga kwa vipete vidogo vya mpira, mara nyingine hapo hapo, na kumpa dawa ya kila siku ya kupunguza shinikizo. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, daktari anaweza kuamua kumpa kwa sababu ya picha na historia hata kama mayai hayakuonekana. Inaua minyoo iliyokomaa. Makovu ya zamani hayaondoki kwa vidonge. Kwa baadhi ya watu hupungua kidogo kidogo kwa miezi au miaka, kwa mtu wa umri wake usitegemee yaishe. Jambo la kutia moyo ni kwamba kwenye kichocho chembe za ini zenyewe mara nyingi hubaki zinafanya kazi vizuri, na mtu ambaye mishipa yake inaangaliwa anaweza kuishi miaka mingi.

Sasa mjukuu. Kampeni za dawa ya kichocho zimekuwa zikiwafuata watoto shuleni, na yule aliyepimwa urefu kwa fimbo ili kukadiria dozi, akapewa vidonge, anaweza kuambukizwa tena likizo hiyo hiyo akirudi majini. Watu wazima walisahaulika kwa muda mrefu, wavuvi wakiwemo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipanua mwongozo, likasema kwenye maeneo yenye maambukizi mengi dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia miaka 2. Mtoto wako mpeleke apimwe. Akiwa kwa babu, maji ya kuoga yachemshwe au yakae ndani ya pipa siku mbili kabla ya kutumika, na ziwani asiingie. Najua kumzuia mtoto wa miaka 8 asiingie ziwani Ukerewe ni kazi ya kutwa. Angalau saa za mchana wa jua kali, ambapo viini vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi kwenye konokono, awe mbali na maji.

Na wewe mwenyewe. Ulioga maji yale yale, ulifua mwaloni, ulipeleka uji umekanyaga maji. Hujaniambia kama umewahi kupimwa. Hapa nimepata wazo, lipime tu: vipi ukimwambia baba kwamba safari hii mnakwenda wawili, wote mnapimwa choo na utrasaundi, yeye na wewe? Anaweza bado kukataa. Lakini itakuwa vigumu kwa mtu yeyote kwenye chumba kile kuanza na pombe, ikiwa kitanda cha pili anakisubiri binti aliyekulia kwenye maji yale yale.